Uzi wa Yaya Kamaldine

Baraka alizima pikipiki yake mbali, kule kisimani, akaisukuma kwa mikono mpaka uani kwangu. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya turubai, natandaza mpunga upate jua la asubuhi. Hapa kijijini Wamaza, wenye pikipiki hawazimi injini mbali. Huingia nayo hadi mlangoni, kuku wanaruka, watoto wanashangilia. Nilipomwona anaisukuma kimya, kofia ameikunja mkononi, niliacha mpunga.

"Mama Djamila," akasema. "Amuri amepiga simu. Nilikuwa juu ya kilima kwenye mtandao, ndiko ilikonipata."

"Amesema nini?"

"Amesema nikupeleke Kasongo. Sasa hivi."

"Baraka, sema yote."

Akatazama magurudumu yake. "Ni Papa Kamaldine. Saa ya alfajiri."

Nikasema innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Machozi hayakuja. Kitu cha kwanza nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni nani atakayeugeuza mpunga jua likipanda.

"Wanazika saa ngapi?"

"Baada ya alasiri. Amuri anasema baba yake hataweza kungojwa kupita pale."

Niliingia ndani nikachukua vitu vitatu: kikwembe cheusi cha kujitanda, tasbihi, na uzi uliokuwa ndani ya kikebe, chini ya nguo zangu. Jirani yangu alikwisha kuingia uani, akashika kazi ya mpunga bila kuuliza. Tukaondoka saa moja. Toka Wamaza mpaka Kasongo, wakati wa kiangazi, ni mwendo wa saa sita kama daraja zimeshikilia na Mungu amependa.

Kamaldine alikuwa kaka yangu mkubwa. Kwetu mkubwa wako unamwita yaya, na mimi tangu kujua kusema sikumwita jina jingine. Alikuwa fundi wa cherehani. Kwa miaka thelathini na zaidi aliketi kwenye baraza ya duka moja la zamani karibu na soko la Kasongo, duka lenye nguzo nene ambalo wazungu waliliacha na paa lake. Alishona sare za shule, kanzu za Idi, nguo za komunyo za watoto wa misheni. Sanda za mji alizikata yeye, na kwa kazi ile hakuchukua kitu kwa mtu.

Hakupenda utepe wa kupimia wenye namba. Alipima kwa uzi, kama marehemu baba yetu. Alikuwa akikusimamisha, anashusha uzi kutoka begani, anafunga fundo, anashusha tena, anafunga jingine. Baadaye aliusoma ule uzi kwa vidole, macho yake yakiwa barabarani, akisalimiana na wapita njia. Mtu akimwambia, "Fundi, huoni kama mukono umekuwa mufupi?" yeye alijibu, "Mukono wako umerefuka njiani. Uzi wangu haudanganyi." Na kweli, ulipopimwa tena, uzi ulishinda. Mimi sikuwahi kuuona ukishindwa isipokuwa mara moja, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuiandika ili watoto wake waijue.

Nyumba yetu ina mlango wa kale. Ulikuwa mlango wa mbao mbili, za kukutana katikati, kila moja ikifunguka upande wake. Zilichongwa nakshi ya mkeka, milia inayopita juu na chini ya mwenzake, na pembeni mstari wa samaki wadogo wa mto Lualaba. Watu waliposema kwamba sisi Waislamu wa Kasongo ni wajukuu wa Waarabu, Yaya alikuwa akikataa kwa upole. Alisema aliyeuchonga mlango alikuwa babu wa baba yetu, Sumaili, mtu wa kabila la Wazimba aliyetekwa akiwa mtoto na kuletwa Tongoni, mji wa zamani. Nyumba ilikuwa ya bwana wake. Vita vya wazungu vilipofika na bwana akakimbia, Sumaili hakuchukua sahani wala zulia. Aliung'oa mlango kwenye bawaba, akajitwisha. Tangu hapo ukoo wetu unahama na mlango. Nyumba ya udongo tunaiacha, mlango tunaubeba.

Ubao mmoja ulitoka mikononi mwetu kabla Yaya hajazaliwa. Mzungu mmoja wa serikali alimwomba baba amwazime, upelekwe mjini kwenye maonyesho, watu wauone. Aliacha karatasi yenye muhuri. Mchwa wakala karatasi, uhuru ukaja, mzungu akaenda kwao, ubao haukurudi.

Baba alipojenga nyumba mpya ya matofali ya kuchoma, alijenga nafasi ya mbao mbili ingawa alikuwa na mmoja. Upande usio na ubao akauziba kwa matofali. Alisema mbele ya watu wa nyumba: ukuta huu hautavunjwa mpaka ubao wa pili upatikane. Hivyo tukakua tunaingia kwa nusu mlango. Gunia la mchele lilipita kwa kusukumwa. Jeneza halikupita. Baba alipokufa walimtoa kwa nyuma, kupitia jikoni na ua wa mbuzi. Na mama vilevile. Nakumbuka jeneza la mama likipita kati ya sufuria zake mwenyewe, na Yaya ameshika mguu wa mbele. Juma lililofuata alianza kuutafuta ubao.

Kila Ijumaa baada ya sala hakurudi kwenye cherehani. Alitembea. Alikagua kila jengo la zamani la Kasongo: maduka yenye nguzo, nyumba za maofisa, misikiti, shule, ghala zilizobaki bila paa. Aligonga milango ya watu akaomba kuona nyuma ya kabati zao. Alikwenda Lusangi, alikuja mpaka huku upande wetu wa Kabambare. Watoto wakamwita Bwana Milango. Siku moja aliingia misheni, akamwomba padri ruhusa ya kutazama mbao za sakristia, chumba cha mavazi ya padri, na alipotoka wanawake waliokuwa wakifagia wakamcheka.

"Papa Kamaldine, unakuja kubatizwa?"

"Leo nimekuja kuona milango tu. Ubatizo muniwekee siku ingine."

Mimi nilimkemea kwa neno lile. Akasema, "Mudogo wangu, Mungu anajua utani wangu kuliko weye."

Octave, seremala jirani yetu, Mkristo ambaye baba yake pia alikuwa seremala, alimwambia mara nyingi: "Kamaldine, niruhusu nikuchongee ubao mwingine. Mukeka na samaki, siku kumi, nimemaliza." Yaya akawa anajibu, "Na mama nitamwambia nini? Kwamba nilichoka nikaweka mugeni?" Octave alitikisa kichwa akaenda zake. Kesho yake alirudi kunywa chai.

Kisha mfanyabiashara mmoja aliyerudi toka Lubumbashi alimwambia kwamba ameona, katika nyumba ya picha na sanamu, mlango wenye samaki. Hakukumbuka ni nyumba gani. Hilo lilitosha. Ilikuwa miaka saba nyuma. Yaya alipima ubao wetu kwa uzi mpya mweupe, kutoka juu kabisa mpaka chini unapogusa sakafu, akafunga fundo. Akanipigia simu: "Djamila, weye ulisoma sekondari, unajua Kifaransa cha kuulizia njia. Tuende."

Mume wangu alikubali. Tukavuka Lualaba kwa mtumbwi, tukaenda kungoja treni Samba, tukaingoja siku nne, ikatuchukua siku tisa mpaka Lubumbashi. Tulifikia kwa binamu yetu.

Sikuwahi kutembea namna ile, na sitatembea tena. Kwanza tulikwenda kwenye jumba kubwa la makumbusho. Yaya alivua viatu mlangoni kama anaingia msikitini, mlinzi akamwambia avivae. Tuliona vinyago, viti vya wafalme, vyungu vya watu waliokufa zamani kuliko hesabu. Mbele ya kila kitu Yaya alisimama akauliza, "Huyu ni wa nani?" Hakusema hiki. Alisema huyu. Mtu wa pale alikuwa na adabu, akatuandikia kwenye karatasi majina ya nyumba nyingine za kutazama.

Siku zilizofuata tulizunguka mji kwa miguu. Yaya hakuacha jengo la kale lipite bila kuligusa. Aligusa ukuta wa kanisa kuu la matofali mekundu, akanusa vidole vyake. "Tofali hii na ya misheni yetu ni mutu na ndugu yake." Aligusa nguzo za stesheni. Alisimama nje ya sinagogi, lango limefungwa, akaitazama nyota iliyo juu kwa muda mrefu. Akauliza kama kuna watu wanaosali humo bado. Nilipomwambia labda wachache, alifungua mikono akawaombea dua, pale njiani, watu wanapita. Kwa mbali tuliona bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na kilima cheusi kando yake.

"Yaya, tutembee mpaka wapi tena? Miguu yangu imekwisha."

"Miguu yako ni ya mama. Haiishi."

Tuliingia nyumba za kuuzia sanaa. Moja ilijaa picha za shaba iliyogongwa kwa nyundo, uso wa mwanamke, kundi la tembo. Nyingine ilikuwa ya malakiti, jiwe la kijani, vikasha na tasbihi. Yaya alitaka kuninunulia tasbihi, nikakataa. Kijana mwenye duka la picha za rangi akamwuliza anatafuta nini.

"Natafuta mulango."

"Papa, milango iko kwa maseremala, kule sokoni. Hapa ni picha."

"Natafuta mulango ulizaliwa kwetu."

"Mulango inazaliwa?" Kijana akacheka, akawaita wenzake waje wamsikie. "Na mama yake ni dirisha?"

Yaya akacheka pamoja nao. "Ukimuona, mwambie watoto wake wanamutafuta." Nje akapangusa miwani yake kwa ncha ya kanzu.

Siku ya tano tulifika kwenye nyumba kuukuu yenye baraza pande zote, paa la mabati mekundu, iliyokuwa ya tajiri mmoja aliyekusanya vitu. Mlinzi wa vitu vile alikuwa mwanamke wa umri wangu, Sidonie, mwenye funguo nyingi kiunoni. Alituongoza chumba kwa chumba. Katika chumba cha mwisho, ukutani, kati ya madirisha mawili, ulining'inia ubao.

Milia ya mkeka inayopita juu na chini ya mwenzake. Samaki wadogo pembeni.

Yaya hakupiga kelele. Alikaa chini, sakafuni, kanzu na yote.

"Papa, unaumwa?" Sidonie akauliza.

"Hapana, mama. Napumzika kidogo."

Aliposimama alinyoosha mkono. Sidonie akasema, "Papa, hapana kugusa."

"Mama, mimi ni fundi wa cherehani. Hii mikono inashika nguo za mabibi harusi kila juma, na sijachafua hata moja."

Sidonie akamtazama, akatazama mlango wa chumba, akasema, "Basi kidole kimoja."

Aligusa kwa kidole kimoja. Alimfuata samaki wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Kisha akautoa uzi mfukoni. Mimi nilipanda kwenye kiti, nikashika ncha juu kabisa ya ubao, yeye akauacha ushuke. Fundo lilipita mwisho wa ubao likaning'inia hewani, chini yake, shibiri nzima. Akaniambia ninyooshe vizuri. Nikanyoosha. Shibiri ileile. Mara ya tatu alipanda mwenyewe juu ya kiti, nami nikashika chini. Shibiri.

"Yaya," nikasema, "lakini nakshi ni ile. Samaki ni wale."

"Sumaili alichonga milango mingi Tongoni. Huu ni wa nyumba ingine." Akafunga fundo la pili, pale ubao ulipoishia. Vidole vyake vilichukua muda kulifunga. "Na wao wanautafuta, maskini. Hawajui uko huku."

Sidonie akauliza taratibu, "Sasa, si wenu?"

"Ni wa majirani." Halafu akamwomba jambo moja. Kando ya ubao kulikuwa na kijikaratasi kilichosema mlango, mbao, Maniema, mchongaji hajulikani. Yaya akasema mchongaji anajulikana. Sidonie akachukua kalamu, na mbele yetu akaandika kwa mkono: Sumaili, wa Kasongo. Akaandika vizuri, herufi kubwa. Yaya alimwombea baraka kwa Kiarabu na kwa Kiswahili.

Tulipofika Samba, tukingoja pikipiki, alinipa ule uzi ameukunja. "Uzi huu ukae na weye, Djamila. Ukikaa na mimi nitaupima kila siku." Nikaupokea. Akaongeza, kama mtu anayetaja bei ya sabuni: "Na siku yangu ikifika munipitishe kwa nyuma. Mimi si mukubwa kuliko mama."

Hakutafuta tena. Ijumaa aliendelea kutembea, lakini mikono ameiweka mgongoni. Alipenda kuniuliza kwa simu, "Unafikiri yule mama ameacha jina la Sumaili pale?" Nikamwambia ameliacha. Nilikuwa sijui. Katika swala zangu niliomba apewe ubao wake kabla hajafa, na miaka ilipopita nikaomba tu aondolewe hamu yake. Haikuondoka. Mke wake, wifi yangu Fatuma, aliniambia kwamba jioni alikuwa akiketi ndani, akitazama yale matofali, kama wengine wanavyotazama barabara.

Haya yote yalipita kichwani mwangu nyuma ya Baraka, vumbi jekundu mdomoni. Tuliingia Kasongo saa nane kasoro. Mbele ya nyumba watu walikuwa wamejaa. Wanawake walinipokea kwa kilio na hapo machozi yangu yakaja, yakaja yote.

Wanaume walikuwa wamekwisha kumwosha. Sanda yake alikuwa ameikata mwenyewe mwaka uliopita. Fatuma aliikuta kabatini, imekunjwa, haikuhitaji kuongezwa wala kupunguzwa. Alikuwa amelazwa chumba cha mbele, ndani ya jeneza la msikiti, hatua nne tu kutoka kwenye mlango. Na pale mlangoni kulikuwa na maneno.

Amuri, mtoto wake wa kwanza, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa ameshika mtaimbo. Baba mdogo Bakari, ndugu wa mwisho wa baba yetu, alikuwa amesimama mbele ya matofali na fimbo yake.

"Babu, sogea."

"Sisogei. Baba yangu mimi alipita nyuma? Hapana, alipita mbele, mbao zilikuwa mbili. Ndugu yangu, huyu aliyejenga, alipita nyuma kwa sababu alisema neno. Weye ni nani wa kuvunja neno lake?"

"Baba yangu si mbuzi wa kupita uani kwa mbuzi!"

"Na mama yake alikuwa mbuzi?"

Amuri akaniona. "Shangazi, mwambie."

Watu wote wakanigeukia. Nilitaka kusema vunja. Mungu anajua nilivyotaka. Lakini neno la Yaya nilikuwa nalo, na mtu aliyekufa hana kinywa kingine isipokuwa cha aliyesikia. Nikasema, "Amuri mwanangu, baba yako mwenyewe aliniambia Samba. Tumpitishe kwa nyuma, kama mama."

Amuri akalia kama mtoto. Akauinua mtaimbo, akaupiga kwenye matofali mara moja, kwa hasira, si kwa kuvunja. Ukuta ulitikisika. Ubao wetu, uliokuwa wazi upande wa pili, ukachomoka kwenye bawaba ya chini na kuinama.

"Ngoja! Ngoja, utaupasua!" Ilikuwa sauti ya Octave. Alikuja mbio kutoka kwenye kundi la wanaume, akaukumbatia ubao, akamwita Baraka amsaidie, wakautoa kwenye bawaba ya juu na kuulaza juu ya mkeka. Alipiga magoti kuangalia kama umepasuka. Upande wa chini, ambao miaka yote ulikuwa ukigusa sakafu, ulikuwa mweusi kwa oli chafu ya magari tuliyokuwa tukipaka dhidi ya mchwa. Octave akaukwangua kwa kisu. Akaacha. Akaukwangua tena.

"Mama Djamila," akasema, "muti huu si mumoja."

"Unasema nini?"

"Huku juu ni mvule. Huku chini ni muti mwingine. Umeungwa." Akapitisha ukucha wake kwenye mstari mwembamba, meno yanayoshikana, ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Kisha sauti yake ikabadilika. "Hii ni kazi ya baba yangu. Hakuna mutu mwingine Kasongo aliunga mbao namna hii. Mzee wenu alipojenga nyumba hii ya matofali aliinua mlango, ubao ukawa mufupi. Akamwita baba yangu amwongezee kipande." Akanitazama, macho yamejaa. "Nilikuwa ninapita hapa kila siku kunywa chai."

Mimi tayari nilikuwa nimefungua kikebe. Fatuma akanishikia ncha juu ya ubao. Nikaunyoosha uzi mpaka chini. Fundo la pili, lile la Lubumbashi, likakaa juu ya mstari wa kiungo, sawasawa. Fundo la kwanza, lile la nyumbani, likakaa mwisho wa ubao. Kati ya mafundo kulikuwa na shibiri moja, urefu wa kile kipande kilichoongezwa.

Baba mdogo Bakari aliinama kwa shida, akaweka kidole chake juu ya fundo, kisha juu ya kiungo.

"Ule aliouona kule," akaniuliza, "ulikuwa na samaki?"

"Ulikuwa na samaki, baba. Aliwagusa wote kwa kidole."

"Basi aliupata."

"Aliupata," nikasema. "Miaka saba nyuma. Hakujua."

Baba mdogo Bakari akasimama. Akaondoa fimbo yake mbele ya matofali. "Ndugu yangu alisema mpaka upatikane. Umepatikana. Amuri, vunja."

Walivunja kwa zamu, Amuri, Octave na Baraka. Matofali yalikuwa magumu. Sisi wanawake tulimfunika Yaya kwa kikwembe changu cheusi ili vumbi lisimguse. Nilikaa karibu na kichwa chake. Nilimwambia sikioni, kwa sauti ndogo, kwamba wale samaki walikuwa wetu. Sijui kama wafu wanasikia hivyo. Shehe anasema wanasikia salamu. Basi nilimpa salamu kwanza, kisha nikamwambia.

Adhana ya alasiri ilipoanza, nafasi ilikuwa wazi, pana, jua limeingia mpaka katikati ya chumba ambako halikuwahi kufika. Wanaume sita waliinua jeneza. Halikuhitaji kuinamishwa. Baba mdogo Bakari alitangulia, na Octave alishika mguu wa nyuma upande wa kushoto, kofia ameivua, mpaka barabarani.

Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Tulibaki kizingitini, mimi na Fatuma na wengine, tumesimama juu ya vipande vya matofali. Waliondoka wakisema la ilaha illallah. Wenye maduka walisimama barazani. Cherehani ya Yaya ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa. Walipokata kona ya soko sikuona jeneza tena, nikaona vichwa vya watu, kisha sikuona vichwa.

Tulifagia vumbi. Karibu na magharibi Amuri alirudi, miguu ina udongo. Alisema wamemlaza upande wa kuume, uso kwenye kibla, mama akiwa karibu yake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Nikampa maji ya kunawa.